Godoro la Katekista

Mwanzo wa habari hii nimeuandika mara kumi na moja. Mmoja ulikuwa na ukungu unaoinuka taratibu juu ya maji alfajiri, nikaufuta, kwa sababu Katekista hakuwahi kugusa maji kabla ya saa nne asubuhi. Alisema magoti yake yanachelewa kuamka. Mwingine ulianza na kuzaliwa kwake, nikaufuta pia, kwa sababu sijui alizaliwa wapi na yeye hakuona kama inanihusu. Basi naanza na yale ambayo kila mtu wa Ushirombo anayajua: katekista wetu alikuwa na godoro linaloelea, alilipanda akiwa amesimama wima, na hakujua kuogelea.

Kama unadhani hizo si sifa za mtu wa kuongoza wenzake majini, ulikuwa na haki ya kujiunga na kikundi chetu. Wote tulidhani hivyo na bado tulimfuata. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikundi, cheo nilichojipa mwenyewe, na ndiyo sababu naandika sasa. Mzee huyu alibeba kosa langu kwa miezi minane, na mimi nikamwacha alibebe huku nikitafuta maneno mazuri ya kulikiri.

Godoro lenyewe si godoro. Ni ubao wa kusimamia majini, ule wa kujazwa upepo kwa pampu, mrefu kuliko mlango, pamoja na kasia lake. Fundi mmoja wa kigeni aliyefanya kazi migodini alimaliza mkataba, na kabla ya kurudi kwao akagawa vyombo vya nyumba yake kwa parokia. Friji ilikwenda kwa masista. Makochi yalikwenda kwa paroko. Kitu ambacho hakuna aliyekielewa kilikwenda kwa Katekista, kwa ukarimu uleule uliompatia kigango cha mbali kuliko vyote, baiskeli isiyo na breki na darasa la kipaimara lenye watoto walioshindikana kwa wengine. Alikijaza upepo uani kwake. Mkewe akatoka jikoni, akakitazama, akauliza wageni wangapi wanakuja kulala. Jina likabaki hapo hapo.

Matumizi yake aliyajulia kwangu. Nina kibanda cha steshenari karibu na stendi: nachapa barua, natoa kopi, natengeneza kadi za harusi. Ufundi wote nimejifunza mwenyewe kwa simu, jambo ambalo huwa nalitaja kabla mtu hajauliza. Niliwahi kurudia kuchapa kadi zote za harusi moja kwa sababu ya mkato mmoja uliokaa vibaya. Zilitoka nzuri mno, siku mbili baada ya harusi. Sasa Katekista alikuja kutoa kopi za maswali ya kipaimara, akaona kwenye simu yangu picha ya watu waliosimama juu ya vitu kama chake katikati ya ziwa, wamevaa miwani ya jua, wanacheka.

"Hao wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote, Katekista. Wanatalii."

Aliisogeza simu karibu na miwani. "Wamesimama juu ya maji na hawaendi popote," akasema. "Na sisi tumemsema Petro miaka yote hii."

Alijifunza kusimama kwenye majaruba ya mpunga ya shemeji yake. Mpunga wa mwaka ule haukupona vizuri, wala ushemeji. Lakini mvua zilipoisha alikuwa anaweza kuvuka jaruba zima wima, mikono imeshika kasia kama anashika msalaba wa maandamano, uso mkali, koti la Jumapili ndani na jaketi la kuokolea juu. Viatu aliviacha ukingoni, vimepigwa rangi, vimeelekezwa nyumbani. Nilimuuliza kwa nini vielekee nyumbani. Akasema visije vikapata mawazo.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda hawakumwachia hata siku moja.

"Katekista, shikamoo! Leo unalala maji gani?"

"Marahaba. Nalala penye watu wenye kazi, kwa hiyo si hapa."

"Ukizama nani ataongoza ibada ya kigango?"

"Wewe. Ndiyo maana sizami."

Na baada ya kumcheka walikuwa wakigombana nani ampakie, kwa sababu godoro likikunjwa linabebeka kama gunia la mahindi, na mwenye kulibeba ndiye wa kwanza kulijaza upepo.

Mtu huyu alifundisha kila kitu kwa swali na jibu. Ilikuwa kazi yake tangu ujana na hakuona sababu ya kubadilisha mtindo kwa sababu tu yuko majini. Hakuna aliyepanda kabla ya kuulizwa, na ilibidi ujibu kwa sentensi kamili, umesimama, mikono chini.

"Nani anakunywa maji haya?"

"Ng'ombe na watu wa kitongoji wanakunywa maji haya, Katekista."

"Nani anaishi humu?"

"Vyura na kambare wanaishi humu, Katekista."

Ukisema "sijui", mnarudi nyumbani wote. Siku moja alitugeuza kikundi kizima, baada ya mwendo wa saa mbili wa pikipiki, kwa sababu msichana mmoja alisema humo wanaishi "viumbe". Alitaka majina.

Majibu aliyaandika kwenye daftari gumu ambalo lilikuwa la mahudhurio ya ubatizo. Ndiyo orodha pekee niliyoona ya maji ya kwetu yanayofaa kusimamiwa na mtu asiye na haraka. Ukiwasikiliza wakubwa wanaokuja na magari kuzungumzia utalii, mkoa wa Geita una dhahabu na Shinyanga ina vumbi, na mwenye kutaka mandhari apande basi aende kwingine. Daftari lilisema mengine. Nanukuu kwa mwandiko wake, ambao ulikuwa mzuri, jambo lililoniudhi:

"Ziwani, upande wa Nkome, penye mawe. Wanakunywa: watu wote. Wanaishi: sato, kenge, fisimaji, konokono wa kichocho. Asubuhi maji yametulia na mawe yanaonekana mara mbili. Mungu hakuwa na haraka hapa. Usianguke."

"Mto Nikonga, baada ya masika. Mayungiyungi kama kitambaa cha altare. Mafunjo pande zote. Wanaishi: mamba. Ni pazuri sana kutoka barabarani. Tuliishia barabarani."

"Lambo la wafugaji, njia ya Masumbwe. Rangi ya chai ya maziwa. Yangeyange wengi, wanapanda ng'ombe kuliko sisi tunavyopanda godoro. Pazuri jioni. Harufu: ndiyo."

Alikuwa na kasoro nyingi tu. Alifundisha uvumilivu kila Jumamosi na hakuweza kungoja mtu afunge kamba za jaketi. Aliwakataza watoto wasisogelee maji bila mtu mzima, kisha akawa ndiye mtu mzima anayewapeleka wote. Hakuwahi kumsifia mtu. Ukivuka lambo lote bila kutetereka alisema, "Haya, shuka, wenzako wanangoja." Aliogopa vyura. Ndiyo, mtu aliyekataa maji yasiyo na vyura aliwaogopa vyura, na mmoja aliporuka juu ya godoro ndiyo siku pekee niliyomwona akianguka. Tulimvuta kwa kasia. Alikohoa, akavaa miwani, akasema tumeona sasa umuhimu wa jaketi.

Nami niseme yangu. Kwa miaka minne sikusimama. Nilipanda kwa magoti, nikapiga kasia kwa magoti, nikashuka kwa magoti. Niliandika kurasa nzima kuhusu namna ya kupanga miguu, kukunja magoti kidogo na kutazama mbali, yote kutoka kwenye video, na sikuwahi kufanya hata moja mbele ya watu, kwa sababu ningeweza kuanguka na wangeona. Katekista alijua. "Mwandishi anapanda kwa ibada," aliwaambia wengine, na hakunilazimisha.

Badala ya kusimama, nilitengeneza kijitabu. Nilitaka daftari lake lisomeke kwenye simu, lenye picha na ramani ndogo, ili vijana wa Kahama na Geita walio na hamu waende penye usalama. Hamu ilikuwepo: kwaya ya vijana kutoka Nyahanga walikuwa wamejiundia mbao zao, mbao za kawaida zilizofungiwa madumu matupu chini, na walikuwa wanatafuta maji. Katekista alifurahi kwa namna yake. Alisema, "Magoti haya hayana muda. Daftari likibaki kwangu litaliwa na mchwa." Akaniachia nilinakili, kisha nimrudishie. Hakuwahi kumwachia mtu mwingine yeyote.

Toleo la mwisho lilifuatwa na la mwisho kabisa, kisha la mwisho kweli. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa jalada. Picha zetu zote zilikuwa za maji ya rangi ya chai. Nilitaka bluu.

Bluu niliipata nyuma ya kiwanda kimoja kidogo cha kuchenjulia dhahabu, kati ya Kahama na Masumbwe, ambacho wenyewe walikuwa wameshahama. Walibakiza vilima vya marudio, ule mchanga uliokwisha kukamuliwa dhahabu kwa dawa, na chini yake bwawa. Nakwambia maji yale yalikuwa ya bluu kama ya kalenda. Hayakuwa na jani, wala tope, wala kinyesi cha ng'ombe. Nilipiga picha nyingi sana, nikampelekea Katekista iliyo bora, nikamweleza na bwawa lilipo.

"Nani anakunywa maji haya?" akauliza.

"Katekista, tazama kwanza rangi."

"Sikukuuliza rangi."

"Hatutaandika kwamba watu waende. Ni jalada tu."

"Nani anaishi humu?"

Nikanyoosha kidole kuikuza ile bluu. Akanirudishia simu. "Toa," akasema, akaendelea kufunga viatu.

Sikutoa. Nilijiambia kwamba yeye anajua maji na mimi najua majalada. Chini ya ile bluu nikaandika kwa herufi nzuri: "Maji ya Kusimamia. Yamechaguliwa na Katekista." Jina langu niliacha kuweka. Nilidai ni unyenyekevu. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado sijaridhika na aya moja ya ukurasa wa sita.

Kilisambaa haraka kuliko kadi yoyote niliyowahi kutengeneza. Jumatatu ya Pasaka, saa tatu asubuhi, kijana wa ile kwaya ya Nyahanga aliandika kwenye kundi letu la simu: "Wapendwa, tuko kwenye lori na mbao zetu, tunaelekea yale maji ya bluu ya kwenye jalada. Tumeelekezwa na wenyeji. Tuombeeni." Akaweka vicheko.

Nilikuwa kibandani. Mtu mwenye akili angepiga simu. Mimi nilianza kuandika ujumbe. Niliandika "Ndugu wapendwa", nikafuta, kwa sababu "wapendwa" lilikuwa limeshatumika. Nilieleza historia ya bwawa. Nikaona aya ya pili inaonekana kama najitetea, nikaipanga upya. Nilitafuta namna ya kuandika sayanaidi, ile dawa ya kukamulia dhahabu. Saa nne kasoro bado nilikuwa sijatuma, na ujumbe ulikuwa umeanza kuwa mzuri.

Katekista hakuandika kitu. Aliliona lile tangazo akiwa anakunywa uji, akampigia yule kijana, simu haikushika. Akapanda pikipiki na godoro lake. Bahati yetu sote ni kwamba lori la kwaya husimama kila penye miwa. Walipofika walimkuta amelijaza upepo, amelilaza katikati ya njia nyembamba inayoteremka bwawani, ameketi juu yake na koti la Jumapili, anatweta. Haya niliyasikia baadaye kutoka kwao.

"Shikamoo, Katekista! Umetuwahi!"

"Marahaba. Simameni vizuri. Nani anakunywa maji haya?"

Walicheka. Akangoja. Wakatazama huku na huku, pembezoni hakuna kwato hata moja.

"Hakuna anayekunywa maji haya, Katekista."

"Nani anaishi humu?"

Binti mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa ameshamwona yangeyange amelala ukingoni, mabawa wazi, mweupe bila doa. Akaanza kulia. Hakuna aliyegusa maji. Walipanda lori wakarudi, na nasikia hawakuimba njiani.

Ujumbe wangu niliutuma saa nne na nusu. Haukuwa na kosa hata moja. Haukusema pia nani aliweka ile picha.

Wiki hiyo maneno yakaenea: kuna katekista Ushirombo anatoa vijitabu vya kuwapeleka watoto kwenye sumu. Jalada lilisema amechagua yeye, kwa herufi nilizozisawazisha kwa siku mbili. Mwenyekiti wa kigango akamwita, akamwambia kwa heshima zote aachane na mambo ya maji, na darasa la kipaimara lipewe mtu mwingine kwa muda. Aliulizwa kama ana la kusema. Akasema hana. Nilikuwepo, nimekuja na kalamu kuandika kumbukumbu za kikao. Nikaandika: "Hana la kusema." Mwandiko ulikuwa safi.

Miezi ikapita. Magoti yake yakazidi, mkewe akafariki, binti yake akaja kumchukua wakahamia Masumbwe. Kila Jumapili niliona darasa la kipaimara likifundishwa na kijana aliyesoma majibu kwenye karatasi. Kila Jumapili niliboresha barua yangu ya kukiri.

Ilipokamilika niliichapa kwenye karatasi nzito, nikaitia laminesheni, nikapanda basi kwenda Masumbwe. Nilimkuta nje ya nyumba ya binti yake, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, fimbo kati ya miguu. Amekonda. Viatu vimepigwa rangi.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, Mwandishi. Umekuja na kazi."

Nikampa. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, akiigeuza juani kwa sababu laminesheni ilimmulika machoni. Nilingoja kama mtoto wa kipaimara.

"Nani anaisoma barua hii?" akauliza.

"Wewe unaisoma barua hii, Katekista."

"Mimi nilikuwepo. Nani mwingine?"

"Hakuna mwingine anayeisoma."

Akanirudishia. "Ni safi sana," akasema. "Sijaona hata chura." Kisha akaita ndani waniletee godoro.

Lambo liko hatua chache nyuma ya mashine. Ng'ombe walikuwa wamesimama ndani, akina mama watatu wanafua ukingoni, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nilijaza upepo mwenyewe, yeye akiketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikajibu maswali yote mawili. Nilitaja vyura, kambare na konokono. Nilidhani tumemaliza.

"Nani atakutoa ukianguka?"

Hilo lilikuwa jipya. Nilitazama: mzee asiyejua kuogelea, mwenye fimbo. Akina mama na povu lao. Ng'ombe.

"Hakuna mtu wa kunitoa, Katekista."

"Vizuri. Yanaishia kiunoni. Panda."

Nikapanda, kwa magoti kama kawaida yangu. Nikasogea kidogo. Mmoja wa wale mama, mkubwa wao, akainua kichwa kutoka kwenye beseni.

"Baba, huyo mjukuu?"

"Mwandishi," akasema Katekista.

"Na wewe si ndiye yule katekista wa Ushirombo wanayemsema? Wa watoto na bwawa la sumu?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kama mtu anavyouliza bei ya nyanya. Wenzake wakaacha kufua.

Katekista alitazama fimbo yake. Hakuwa na la kusema. Niliona kwamba hatakuwa nalo hadi afe, na kwamba barua yangu ilikuwa ukingoni, ndani ya kiatu changu, haiingii maji.

"Hapana, mama," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. Haikufika. Kwa hiyo nikasimama. Sikupanga miguu wala sikutazama mbali. "Si yeye! Ni mimi. Yeye alinikataza ile picha, mimi nikaiweka, sababu... sababu ilikuwa nzuri. Yeye ndiye aliyewazuia. Mimi nilikuwa natengeneza meseji."

"Unasemaje?" akauliza yule mama. "Meseji gani?"

Nikaanza tena kueleza, nikanyoosha mkono kuonyesha, nikaenda majini mzima mzima. Ng'ombe wakaruka. Akina mama wakapiga vigelegele kama wa harusini.

"Amka, mayu, hayo ya kiunoni!" wakaniita, kama wanavyomwita binti yao.

Niliamka na tope hadi kwenye nyusi. Nikatoka, nikafuta mkono mmoja kwenye nyasi, nikachukua simu kutoka kwenye kiatu cha pili, nikafungua kundi letu, lile lenye kwaya, mwenyekiti wa kigango na nusu ya Ushirombo, nikabonyeza sauti. Nilisema yote tena. Nilirudia "sababu" mara nyingi, nilipiga chafya, ng'ombe mmoja alilia katikati na mama mkubwa aliongeza maelezo ambayo hakuombwa. Nikatuma.

"Umeisikiliza kwanza?" akauliza Katekista.

"Hapana."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa lile daftari gumu, akalamba ncha ya kalamu kama alivyozoea. Aliandika polepole, na mwandiko haukuwa mzuri tena. Nilichungulia begani kwake huku namdondoshea maji.

"Lambo, nyuma ya mashine ya kukoboa, Masumbwe. Wanakunywa: ng'ombe. Wanaishi: kambare, vyura wengi mno, Mwandishi."

Akafunga daftari. "Haya, toka juani ukauke," akasema. "Wenzako wanangoja." Nikageuka. Yule mama mkubwa alikuwa ameshavua kandambili zake, ameziweka pamoja ukingoni, na anauliza godoro linashikwa wapi.